Rukh, Kongamato na Jani la Mwale

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi na wapenzi wa ndege, Tanga)

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wazee wetu mliokaa mbele, na nyinyi vijana mliojibana pale mlangoni, asalaam aleikum. Na wengine wote, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya ndege wakubwa wa ajabu, wale wanaoonekana na watu wachache, kwa muda mfupi, na daima siku ambayo simu imezima chaji. Nitangulize msimamo wangu, asije mtu akakaa saa nzima akijiuliza niko upande gani. Siamini kwamba yupo ndege hai mwenye mabawa ya mita saba anayepita juu ya vichwa vyetu bila kuacha hata unyoya. Lakini wanaosema wamemwona siwaiti waongo. Wengi wao wameona kitu, tena kwa macho mazima. Kilichowaponyoka ni umbali, na umbali ukikuponyoka, ukubwa nao umekwenda.

Tuanze na bahari yetu hii. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na ndege wao waliyemwita rukh. Marco Polo, mfanyabiashara wa Venice aliyesimulia safari zake akiwa kifungoni Genoa mnamo mwaka 1298, anasema rukh huonekana katika visiwa vilivyo kusini mwa Madagaska, majira fulani ya mwaka. Kwa umbo ni tai, ila ukubwa wake hauna mfano. Mabawa hatua 30 kutoka ncha hadi ncha, unyoya mmoja hatua 12, na nguvu za kumnyakua tembo, kupaa naye, kumwachia aanguke apasuke, kisha kushuka kumla kwa nafasi yake.

Marco Polo mwenyewe hakudai kumwona. Anasema aliambiwa na waliomwona. Wala Madagaska hakufika, na wataalamu wengi wanaona alichanganya habari za kisiwa kile na za Mogadishu, maana anatuambia kisiwani kuna tembo wengi na watu wanakula nyama ya ngamia. Tembo wa porini Madagaska hajapata kuwapo. Kwa hiyo huyo rukh, kama alitegemea tembo wa Madagaska, njaa ingemmaliza kabla ya kumwona mtu.

Lakini kuna jambo katika masimulizi yale lisilopita hivi hivi. Katika baadhi ya nakala za kitabu chake imeandikwa kwamba Khan Mkuu wa China alituma wajumbe kuulizia habari za ndege huyo, nao wakarudi na unyoya wa shibiri 90. Pimeni shibiri zenu. Shibiri 90 ni karibu mita 20. Je, wajumbe walidanganya? Inawezekana kabisa kwamba walibeba kitu cha kushikika, chenye mhimili katikati na nyuzi zimepangika kulia na kushoto, kirefu kuliko chochote walichokijua.

Mlipokuwa mnaingia mmeliruka jani lililolazwa barazani. Tulitaka liingie humu ndani, likakataa kona ya mlango. Lile ni jani la mwale, na wa kutoka Pemba na wa mabondeni huku kwetu hamhitaji kuelezwa mwale ni nini. Sasa mtu ambaye hajawahi kuuona mti wenyewe, apewe jani lile likiwa limekauka, limegeuka rangi ya kahawia. Upande mmoja uti ni mnene kuzidi mkono wa mtu mzima, halafu unapungua kidogo kidogo hadi unakuwa kama ufito. Vijani vyake vimejipanga pande mbili, vimelala kuelekea nchani. Mwambie huo ni unyoya. Atauliza ndege yuko wapi. Na lile la barazani si refu. Tulichukua tuliloweza kulipakia. Miti ya jamii ya mwale ndiyo yenye majani marefu kuliko mimea yote duniani, na jamii moja ya Afrika ya Kati jani lake limepimwa likafika mita 25.

Hoja hii si yangu. Henry Yule, Mskoti aliyemtafsiri Marco Polo katika karne ya 19, ndiye aliyeishikilia, na aliyempelekea majani ya kuthibitisha ni John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Kwa maneno mengine, unyoya wa rukh uliojadiliwa na mabingwa wa Ulaya ulikatwa katika pwani hii.

Hapo tumepata unyoya. Je, yai?

Yai lipo, na hili ni la kweli. Madagaska aliishi ndege aliyesimama kwa urefu wa mita tatu, na wakubwa kabisa wanakadiriwa kufika kilo 600 na zaidi. Wanasayansi wanamwita Aepyornis. Yai lake lina urefu wa sentimita 30 na kitu, na ukilijaza maji linameza lita nane au zaidi. Mayai ya kuku zaidi ya mia yanaingia humo. Ulaya walipelekewa mayai hayo mwaka 1850, na mwaka uliofuata Isidore Geoffroy Saint-Hilaire, mwanasayansi wa Ufaransa, akamwandika ndege huyo rasmi. Hadi leo kusini mwa Madagaska vipande vya maganda vimetapakaa mchangani kama vigae. Ndege wenyewe walitoweka kiasi cha miaka 1000 iliyopita, wakati watu walikwisha kufika kisiwani na vyombo vya biashara vinapita.

Ila huyu ndege hakuruka. Mabawa yake yalikuwa vijiti tu. Baharia aliyeliona yai akamkadiria mama yake alikuwa na haki ya kushangaa. Kosa ni kumpandisha mama huyo angani. Nadhani rukh alizaliwa hivyo: yai la kweli, jani la mwale, na hadithi za tai wakubwa zilizokuwapo Uajemi na Arabuni tangu zamani, vikakutana bandarini. Hilo la mwisho ni rai yangu, mnaweza kulikataa.

Sasa nije kwa shahidi ninayempenda kuliko wote, Ibn Battuta, yule Mmoroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka mingi baadaye, akirudi kutoka China, chombo chao kilipotea njia. Alfajiri moja wakaona mlima baharini, mahali ambapo mabaharia walijua hakuna mlima. Upepo ukawasukuma kuuelekea. Watu wakaanza kulia, kuomba toba, kuagana. Jua lilipochomoza, mlima ukanyanyuka, mwanga ukaonekana kati yake na bahari. Mabaharia wakamwambia: tuliyemdhani mlima ni rukh, na akituona ametumaliza. Kisha Mungu akawaletea upepo mzuri ukawageuza. Angalieni anavyomalizia: anasema hawakumwona tena wala hawakujua umbo lake halisi.

Hapo ndipo nampa mkono. Angeweza kuongeza jicho, kucha, mlio. Nani angembishia? Aliandika alichokiona, akaandika walichosema wenzake, akavitenganisha. Kwa sababu hiyo leo tunaweza kumsaidia. Asubuhi, hewa iliyogusa maji ikiwa baridi na ya juu yake ikiwa na joto, mwanga hupinda, na kisiwa kilicho mbali huonekana kimeinuliwa, kinaelea, hata kimechanika na bahari. Ni jamaa ya mazigazi yale tunayoyaona kwenye lami mchana. Wavuvi humu ndani mmeshaviona visiwa vikielea namna hiyo.

Nyoosheni mkono mmoja mbele, wote. Simamisheni kidole gumba. Vizuri. Upana wa gumba lako, mkono ukiwa umenyooka, unamfunika ndege mwenye mabawa ya mita 2.6 aliye umbali wa mita 75 hivi. Mita 2.6 ni marabu wa kawaida kabisa, yule korongo mwenye kichwa cha upara anayekaa kwenye majalala ya Kampala, ambako wanamwita kaloli, na kwenye migunga ya pale mzunguko wa Nyayo, Nairobi. Sasa wewe huna habari kwamba yuko mita 75. Umekadiria 150. Macho yako hayajakosea hata kidogo, ndege bado ana upana wa gumba. Lakini hesabu ya kichwani imekwisha kumpa mabawa ya mita tano na ushee. Umefika nyumbani na ndege asiyekuwapo duniani, na ukiapa unaapa kwa haki.

Chini hapa tuna nyumba, minazi na watu wa kutusaidia kukadiria. Angani hakuna. Ongezeni magharibi, ambapo ndege yeyote huwa kivuli cheusi na manyoya hayaonekani, kwa hiyo mtu husema mabawa yalikuwa ya ngozi. Ongezeni hofu. Ongezeni na kusimulia mara ya kumi.

Hii inanipeleka Zambia. Mwaka 1923 Frank Melland, aliyekuwa mtawala wa kikoloni kaskazini-magharibi mwa nchi ile, alichapisha kitabu kilicho na habari za kongamato, kiumbe ambacho Wakaonde walisema kinaishi kwenye vinamasi vya Jiundu, karibu na mpaka wa Kongo. Chekundu, hakina manyoya, mabawa ya ngozi kama ya popo, mdomo wenye meno, na hupindua mitumbwi. Melland akawaonyesha watu picha ya terosauri, wale watambaazi warukao waliokufa pamoja na dinosauri miaka milioni 66 iliyopita. Wakasema: ndiye.

Polisi akiandaa gwaride la utambulisho na kumsimamisha mtuhumiwa mmoja peke yake, hakimu ataitupa kesi. Melland alikuwa hakimu pia, na hilo linanishangaza hadi leo. Angewaonyesha na picha ya marabu, ya popo mkubwa, ya yule korongo mrefu mwenye mdomo mwekundu na mweusi, majibu yangekuwa na uzito.

Lakini kuna jambo la pili ambalo wapenzi wa kongamato hulipita haraka. Vipimo alivyopewa Melland vya mabawa yake ni futi nne hadi saba. Futi saba ni mita 2.1. Jitu lenyewe, kwa maneno ya wanaolitetea, linapitwa na marabu wa jalalani! Linapitwa na korongo-nyangumi, ambaye kwao ni vinamasi vya Zambia, Uganda na hapa kwetu Malagarasi, na mabawa yake hufika mita 2.3 na zaidi. Korongo-nyangumi ana mdomo mpana kama kiatu, husimama kimya saa nzima, kisha humwangukia kamongo majini kwa kishindo. Wavuvi wa Mabamba, Uganda, walimhesabu nuksi: ukikutana naye, siku hiyo hupati samaki. Walikuwa wakimuua. Siku hizi wengi wao wanawapakia watalii mitumbwini kwenda kumtazama.

Na wanaosema kongamato ni terosauri aliyebaki, nawaomba waende Lindi. Pale Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosauri kwa mikono ya mamia ya watu wetu. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosauri mmoja alipewa jina lake, Australodocus bohetii. Mizigo ilibebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini, na yule mjusi mkubwa anasimama Berlin kwa urefu wa mita 13 na robo. Pamoja naye vilitoka vipande vya terosauri, na aliyepewa jina la Tendaguru mwaka 1999 alikuwa mdogo tu, tena wa miaka milioni 150 iliyopita. Dunia nzima terosauri wanapatikana katika miamba ya zama zile, kisha wanakoma. Hakuna mfupa, hakuna jino, kwa miaka milioni 66. Kiumbe kinachozaa na kufa kwenye tope, mahali panapohifadhi mifupa vizuri, hakiwezi kujificha muda huo wote halafu kikaonekana na mvuvi mmoja.

Mtaniuliza Popobawa, lile pepo linaloogopwa visiwani, najua. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, watu walitoka kulala nje kwa hofu yake. Simwingizi katika habari hii, kwa sababu walioteswa na hofu ile hawakumwita ndege, na mimi si mganga. Ila Pemba ina popo wake wa matunda, ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani, mwenye mabawa ya mita 1.6. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba anakwisha, kwa kuwindwa na kukatwa misitu. Vijiji vikaamua kumlinda, na leo pale Kidike wananing'inia mchana kweupe. Akipita usiku juu ya mbalamwezi, simlaumu mgeni atakayekimbia.

Marekani nako wana yao. Julai 1977, katika kijiji cha Lawndale, jimbo la Illinois, ilitangazwa kwamba ndege wawili wakubwa walishuka uani, mmoja akamkamata mtoto wa miaka kumi, akamwinua kutoka ardhini, akamwachia baada ya mita chache. Walioshuhudia walitaja ndege anayefanana na kondori, tumbusi mkubwa wa milima ya Andes. Mtoto alikuwa na uzito wa karibu kilo 30. Kondori mkubwa kabisa ana karibu nusu tu ya hapo, na miguu yake ni ya kutembelea. Haiwezi kushika na kubana kama ya tai. Na tai mwenyewe kwa kawaida hapai mbali na mzigo unaozidi uzito wake. Kwamba ndege alimvamia mtoto yule na familia ikashtuka, nakubali bila shida. Kubebwa ndiko kunakonishinda.

Msinielewe kwamba ndege hawajapata kumdhuru mtu. Huko Usambara mnamfahamu tai mwenye kishungi, mlaji wa kima na paa wadogo. Ana kilo nne hivi, na huua mnyama aliyemzidi uzito mara kadhaa, kisha humkatakata pale pale na kubeba vipande. Fuvu la mtoto lililopatikana Taung, Afrika Kusini, mwaka 1924, la jamii iliyotangulia binadamu zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, lina alama ndani ya matundu ya macho. Mwaka 2006 mtafiti Lee Berger alizilinganisha na alama ambazo tai huyu huacha kwenye mafuvu ya kima, zikawiana. Pengine hofu yetu ya kivuli kinachopita juu ina umri mkubwa kuliko lugha zote.

Na iko nchi ambako hadithi ilikutana na mfupa. Wamaori wa New Zealand walisimulia ndege mkubwa anayeshuka kutoka milimani na kuua watu. Wazungu wakatabasamu. Mwaka 1871 ikapatikana kinamasini mifupa ya tai mwenye uzito unaokadiriwa kufika kilo 15, mkubwa kuliko tai yeyote aliye hai, na mwanasayansi Julius von Haast akamwandika. Alikuwa akila moa, ndege wakubwa wasioruka, na watu walipowamaliza moa, kiasi cha miaka 600 iliyopita, naye akaisha. Ndiyo maana sipendi kucheka hadithi ya mzee. Naiuliza tu kama mfupa wake umeonekana.

Ndege waliowahi kuruka wakiwa wakubwa kweli tunao katika mawe. Argentavis wa Argentina, miaka milioni sita iliyopita, alikuwa na mabawa yanayokadiriwa kuwa mita sita hivi. Pelagornis alichimbuliwa mwaka 1983 wakati wa ujenzi wa uwanja wa ndege wa Charleston, Marekani, naye ni wa kiasi hicho hicho. Leo anayeongoza ni albatrosi wa bahari za kusini, mita tatu na nusu. Afrika tunaye mwari mweupe, anayevuka mita tatu, na akipata hewa ya joto hupanda juu sana na kusafiri mbali na ziwa lolote. Mkulima wa bara ambaye hajawahi kumwona akipitiwa naye, atatafuta jina wapi? Tumbusi ndio hawana mpaka: mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, mita 11,300 kutoka usawa wa bahari.

Basi ukimwona wako, usianze na kukadiria ukubwa. Tazama amepita mbele au nyuma ya nini. Akipita nyuma ya mnara wa simu unaoujua ulipo, yuko mbali kuliko mnara. Akipita mbele ya mnazi wa jirani, yuko karibu kuliko mnazi. Hapo gumba lako lina kazi. Tazama shingo: korongo wengi huinyoosha wakiruka, lakini marabu na mwari huikunja, na hapo peke yake umeshapunguza orodha. Miguu inachomoza nyuma ya mkia au haichomozi? Anapiga mabawa, au anaelea tu? Andika saa na upande wa jua. Andika kabla hujamsimulia mtu, kwa sababu mtu wa kwanza atakuuliza, "Alikuwa kama terosauri?", na kuanzia hapo kumbukumbu si yako tena. Ukiokota unyoya, weka kalamu kando yake ndipo upige picha.

Nimemaliza muda niliopewa na wa mwenzangu pia. Nipo hapa mpaka alasiri. Anayetaka kuanza na Popobawa, aanze.